Lesi ya Hispania: vijiti, sindano na kile kilichoishinda mashine

Ukitaja lesi ya Hispania, wengi hupata picha moja: mwanamke aliyevaa gauni jeusi, kitana kirefu kimesimama kisogoni, na juu ya kitana hicho imetandazwa shela nyeusi ya maua inayoshuka hadi chini ya mabega. Shela hiyo ni mantilla, na kitana chake ni peineta. Alhamisi Kuu utawaona wanawake wengi wa Sevilla na miji mingine ya Andalusia wameivaa hivyo, na katika harusi huivaa mama wa bwana harusi anayemsindikiza mwanawe madhabahuni. Picha hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba inamfanya mtu aamini kuwa lesi ya Hispania ni kitu kimoja, na kuwa wanaosuka lesi huko leo wanasuka hicho. Mantilla nyingi zinazovaliwa siku hizi zimetoka kiwandani. Ukimkuta mama wa Kihispania ameketi na mto wake wa kusukia, kuna uwezekano mkubwa anasuka kitu kingine kabisa: uso wa upepeo wa kukunja, ukingo wa leso, skafu ya hariri, au herini.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyauliza kwa pamoja na ndiyo chanzo cha mkanganyiko. La kwanza linahusu mkono: nyuzi zimeshikanaje? La pili linahusu jicho: sura hii ni ya wapi, na ya zama zipi? Lesi mbili zinaweza kufanana machoni, kumbe moja imesukwa na nyingine imeshonwa kwa sindano. Na mbili zilizosukwa kwa hatua zile zile zinaweza kuwa hazifanani hata kidogo, kwa kuwa moja ni ya kitani kinene na nyingine ni ya hariri. Mtu akikuambia "hii ni lesi ya Kihispania", hajakujibu swali lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na mkono, kwa sababu bila huo mengine hayaeleweki.

Hatua mbili, basi

Njia yenye wafuasi wengi kupita zote leo ni ya vijiti. Wahispania huiita encaje de bolillos, Galicia vijiti vyenyewe huitwa palillos, na Wakatalani huiita punta al coixí. Kila uzi umezungushiwa kwenye kijiti chembamba cha mbao, cha urefu wa sentimita 10 hivi au zaidi kidogo, na vijiti hutembea kwa jozi. Msukaji anashika jozi mbili kwa wakati mmoja, yaani nyuzi nne, na ana hatua mbili tu za kuchagua. Ya kwanza ni kupishanisha: uzi wa ndani wa jozi ya kushoto unapita juu ya uzi wa ndani wa jozi ya kulia. Ya pili ni kusokota: ndani ya kila jozi, uzi wa kulia unapita juu ya wa kushoto.

Kila kitu kinatokana na hizo. Pishanisha kisha sokota, uendelee hivyo na jozi zinazofuata, unapata wavu mwepesi ambao nyuzi zake zimekaa mshazari. Pishanisha, sokota, pishanisha tena, unapata sehemu nzito iliyoshonana kama kitambaa. Rudia hatua hizo mbili kwa jozi zile zile bila kuingiza nyingine, unapata msuko mwembamba wa nyuzi nne. Aliyewahi kusuka ukili wa mkeka ataielewa kazi hii haraka kuliko msomi yeyote wa sanaa: miyaa inapokezana juu na chini, na sura inazaliwa kutokana na mpangilio wa kupokezana. Tofauti ni kwamba ukili hujishikilia wenyewe, ilhali uzi wa lesi unateleza. Kinachouzuia ni pini.

Chini ya nyuzi kuna kigezo, kadi iliyotobolewa matundu kufuata mchoro. Kwa jadi kadi hiyo ya Kihispania ilikuwa ya rangi ya zafarani, ili uzi mweupe uonekane vizuri. Msukaji akifika kwenye tundu hudunga pini, nyuzi zinaizunguka, kazi inaendelea chini yake. Sehemu iliyokwisha kukaza huachiliwa, na pini zake hung'olewa zikatumike mbele. Hakuna fundo hata moja mpaka mwisho wa kazi.

Mto nao una habari yake. Mto wa jadi wa Hispania ni mrefu, wa umbo la silinda, umeshindiliwa majani makavu hadi ukawa mgumu. Husimamishwa mshazari: ncha moja mapajani, nyingine imeegemezwa ukutani, kwenye kiti au kwenye kiegemeo cha mbao. Vijiti vinaning'inia, na msukaji anavichezesha hewani kwa viganja. Ulaya ya kaskazini mto wa kawaida ni bapa, na vijiti vimelala juu yake. Watu huona hilo kama tofauti ya desturi tu, lakini lina matokeo. Vijiti vinavyoning'inia hukaza uzi kwa uzito wao, kwa hiyo mkono huenda mbio na utepe mrefu hushuka bila shida. Mto bapa ni wa polepole zaidi, ila unaweza kuuzungusha, na kazi ikigeuka kona unaifuata. Kumbuka jambo hili. Litatusaidia tutakapofika kwenye mambo yanayopendwa sasa.

Kazi ya vijiti yenyewe ina ndugu wawili. Kuna ile ya nyuzi zisizokatika: jozi zote huanza pamoja juu na kumalizika pamoja chini, na ua pamoja na ardhi yake, yaani wavu unaolizunguka, huzaliwa kwa mpigo mmoja. Upana ukiongezeka, vijiti vinaongezeka, na kipande kipana huhitaji mamia. Halafu kuna ile ya vipande: kila ua au jani husukwa peke yake kwa jozi chache, kisha huunganishwa na mwenzake kwa kulabu ndogo. Urithi mkubwa wa Hispania uko upande wa kwanza. Mitindo ya kigeni iliyoingia miaka ya karibuni iko zaidi upande wa pili.

Mlango wa kuingilia kwa karibu kila mwanafunzi ni lesi iitwayo torchon. Mchoro wake hukaa kwenye karatasi ya miraba, na nyuzi hukimbia kwa pembe ya digrii 45. Humo utakuta almasi, mistari ya kwenda na kurudi, mapambo ya nusu duara pembeni, na "buibui": jozi zinaingia kutoka pande mbili, zinashikana katikati kwenye kiwiliwili kizito, kisha zinatoka upande wa chini kama miguu iliyosokotwa. Ukishasuka buibui mmoja bila kumtazama mwalimu, una nusu ya msamiati wa kazi nzima.

Jani na kona

Huwezi kueleza kwa nini wasukaji wa leo wanapenda wanachokipenda bila kuzungumzia mashine, na hapo ndipo maelezo mengi ya watalii hukwama.

Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine iliyotengeneza neti ya matundu ya pembe sita, ile ambayo mkono ulihitaji siku nyingi kuisuka. Miaka michache baadaye ikaja mashine ya Leavers, nayo ilipounganishwa na kadi za Jacquard, kadi zenye matundu yanayoiongoza mashine, ikaanza kutoa maua pia. Mwishoni mwa karne ya 19 ikatokea mashine iliyopewa jina la mji wa Barmen, Ujerumani. Hiyo haikuiga sura tu. Ilisuka. Vijiti vyake vya chuma huzunguka na kupishana vikifanya zile zile hatua mbili za mkono, kwa hiyo utepe wa torchon uliotoka humo una muundo ule ule wa nyuzi. Hata mtaalamu huomba kioo cha kukuzia kabla ya kutoa hukumu. (Lesi ya sare za harusi tunayoinunua kwa yadi Kariakoo ni ya ukoo mwingine, mara nyingi ni darizi ya mashine juu ya neti, lakini nayo ni tunda la mapinduzi hayo hayo.)

Mashine ya Barmen, hata hivyo, ina mipaka. Hutoa utepe mwembamba ulionyooka, wala haiwezi kugeuza kona. Tena inashindwa na jani.

Jani la guipur, kama Wahispania wanavyoliita, ndilo linalotenganisha msukaji na mwanafunzi. Unashika nyuzi nne. Tatu zinakaa wima, na ya nne inakwenda na kurudi ikipita juu na chini ya zile tatu, ikitanuka katikati na kubanwa nchani, mpaka kinatokea kitu chenye umbo la mbegu ya tikiti. Ugumu ni kwamba ule uzi mmoja unaotembea hauruhusiwi kuachwa uning'inie kabla jani halijafungwa. Ukiuacha, uzito wa kijiti unauvuta na jani linakunjamana kama halikuwahi kuwepo. Kila msukaji ana njia yake: mmoja anakaza kila mzunguko, mwingine kila baada ya mizunguko miwili, mwingine anaufunga uzi ule kando kwa pini. Majani kumi yaliyolingana ni cheti tosha.

Sasa ukitazama kazi zinazosifiwa leo Hispania, utaona majani yamejaa, kona zimegeuzwa kwa mbwembwe, na umbo la upepeo, ambalo lote ni mzingo na halina mstari ulionyooka, limekuwa kipimo cha ustadi. Nasema hii si bahati. Mkono umehamia pale mashine isipofika. Pingamizi la wazi ni torchon: ndiyo iliyoigwa zaidi, na bado inasukwa kila mahali. Jibu lake ni kwamba wanaoisuka leo hawashindani na yeyote kwa bei. Hilo linatupeleka kwenye suala la nani anasuka, na kwa nini.

Almagro, Camariñas, Arenys

Zamani lesi ilikuwa kibarua. Almagro, mji wa tambarare za La Mancha, ndio mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1766 wafanyabiashara wa Madrid walianzisha huko kiwanda cha lesi ambacho kwa kweli kilikuwa mtandao wa nyumba: wanawake walipewa uzi na vigezo, wakasuka mlangoni au uani, na mwenye mali akakusanya kazi na kulipa kwa kipimo. Usukaji wenyewe ulikuwa umekwishaota mizizi. Katika sehemu ya pili ya riwaya ya Cervantes, Don Quixote, iliyochapwa mwaka 1615, mke wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, anamwandikia mumewe kwamba binti yao anasuka lesi na kupata maravedi nane, sarafu ndogo za zama hizo, kwa siku, anaziweka kwenye kopo kwa ajili ya vitu atakavyoingia navyo kwenye ndoa. Cervantes hakuwa anaeleza maajabu; alitaja kazi ambayo msomaji wa La Mancha angeiona kwa jirani.

Almagro ilifanya aina mbili sambamba: lesi ya pamba au kitani kwa mashuka, leso na nguo za kanisa, na blonda ya hariri kwa mantilla. Mji una makumbusho yake ya lesi na blonda, na ukipita karibu na uwanja mkuu bado utaona mto umeegemezwa ukutani.

Camariñas iko upande wa pili kabisa wa nchi, Galicia, kwenye ufuko wenye jina la kutisha, Costa da Morte, yaani Pwani ya Mauti. Wanaume walikuwa baharini, wanawake wakasuka. Lesi yao ni ya kitani au pamba nene kiasi, michoro ya kijiometri, misuko na majani mengi, na inaonekana vizuri hata kwa mbali. Mimi naipenda kuliko zote kwa sababu haijaribu kufanana na maua. Inajionyesha jinsi ilivyosukwa. Kila Pasaka tangu 1991 mji huo hufanya maonyesho yake, Mostra do Encaixe, na humo wabunifu wa mitindo hupandisha jukwaani nguo zenye lesi ya wasukaji wa hapo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Uliitoa lesi kwenye kitambaa cha meza cha bibi na kuipeleka kwenye gauni la kijana.

Katalunya ilikuwa na biashara kubwa ya lesi katika pwani ya kaskazini mwa Barcelona. Mji wa Arenys de Mar unajulikana kwa ret fi, lesi ya uzi mwembamba yenye ardhi ya vitundu vidogo vya pembe sita na uzi mnene unaozungushiwa kila ua kama wino. Nyumba ya biashara ya Castells ya mji huo iliajiri wachoraji wa Modernisme, mtindo wa sanaa wa Kikatalani, na michoro yao ya mashina yanayopinda na maua ya majini iko leo katika makumbusho ya hapo hapo. Ret fi ni ngumu, inachosha macho, na haikimbii. Wanaoisuka leo ni wachache, nao wana heshima ya mabingwa.

Mantilla tatu

Turudi kwenye ile shela nyeusi, kwa kuwa nayo ina mkanganyiko wake. Wauzaji hutaja aina tatu na mnunuzi hudhani ni ngazi za ubora, ya bei juu hadi ya bei chini. Siyo. Ni kazi tatu tofauti.

Blonda hutumia hariri za unene tofauti: nyembamba isiyong'aa kwa ardhi, nene inayong'aa kwa maua. Maua ni makubwa, mazito, kingo zake zina mawimbi. Kwa mbali ndiyo inayoonekana. Chantilly, iliyopewa jina la mji wa Ufaransa lakini ikasukwa sana Katalunya, ni kinyume chake: hariri nyeusi nyembamba, ua dogo lenye vivuli, kila jani limezungushiwa uzi, na ikilala begani ni nyepesi mno. Ya tatu haisukwi kabisa. Ni neti iliyodariziwa, na Granada ndiyo yenye jina: neti inawambwa kwenye fremu, kisha sindano inapita kwenye vitundu ikijaza maua. Ajabu yake ni kwamba sanaa hiyo ya mkono isingestawi bila Heathcoat. Mashine ilipofanya neti iwe rahisi, mkono ulipata uwanja mpya wa kuchezea. Kwa hiyo mashine si adui katika kila sura ya habari hii.

Blonda na Chantilly za mkono zinataka vijiti kwa mamia na miezi mingi, na ndizo zilizoumizwa zaidi na viwanda, maana utepe mpana wa maua ndicho kitu ambacho Leavers inakifanya vizuri. Vazi lenyewe lilibaki kwa sababu ya uzito wake katika jamii. Mchoraji Goya alimchora Duchess wa Alba mwaka 1797 akiwa na mantilla nyeusi. Machi 1871 wanawake wa tabaka la juu wa Madrid, waliokuwa hawamtaki mfalme mpya Amadeo aliyetoka Italia, walijitokeza kwenye matembezi ya jioni wamevaa mantilla na peineta badala ya kofia za mtindo wa kigeni. Ujumbe ulifika bila mtu kufungua mdomo.

Visiwani hawasuki

Visiwa vya Canary vina kazi mbili ambazo hazina vijiti kabisa. Calado huanza na kitambaa kizima: kinawambwa kwenye fremu, nyuzi zinakatwa na kuchomolewa kwa mpango, kisha zile zilizobaki hukusanywa na kufungwa kwa sindano mpaka kinatokea kimiani cha mraba. La Orotava upande wa Tenerife na Ingenio upande wa Gran Canaria ni majina makubwa ya kazi hiyo.

Roseta ya Tenerife ni kitu kingine, na mji wa milimani wa Vilaflor ndio makao yake. Unachukua kimto kidogo cha duara kinachokaa kiganjani na kudunga pini kuzunguka ukingo wake. Uzi unavuka kutoka pini hadi pini ukipita katikati, mpaka linatokea jua lenye miale. Sindano inaifunga miale hiyo kwa duru za kushona, pini zinang'olewa, na jua linatoka zima. Rosetas zinaunganishwa moja moja kuwa kitambaa cha meza au kola. Asili yake ni lesi za "jua" za Hispania bara, na ndugu zake walivuka Atlantiki: ñandutí ya Paraguay, inayosukwa kwa rangi kali katika mji wa Itauguá, ni ya ukoo huo. Kwa anayetaka kujaribu bila gharama, roseta ndiyo ya kuanzia. Pini, uzi, sindano na kadi ngumu, imekwisha.

Kinachopendwa leo

Malipo ya lesi kwa kipimo yalidorora karne ya 20, na wasukaji wa kulipwa wakapungua. Wakati wa dikteta Franco tawi la wanawake la chama chake, Sección Femenina, lilikusanya na kufundisha kazi za mikono kama sehemu ya malezi ya mwanamke mwema, jambo lililowafanya baadhi ya wasichana wa kizazi kilichofuata waikimbie sindano moja kwa moja. Kilichoiokoa lesi ni darasa la jioni: vyumba vya halmashauri, vyama vya akina mama wa nyumbani, vituo vya utamaduni. Walioingia humo walikuja kwa raha yao, wengi wakiwa wamestaafu, na siku hizi wanaume wapo pia.

Raha ina ladha tofauti na kibarua. Aliyelipwa kwa kipimo alisuka utepe ule ule maisha yake yote, kwa sababu kasi ndiyo iliyokuwa pesa. Anayesuka kwa raha hataki kurudia. Anataka kitu kidogo kinachokwisha, kigumu kiasi cha kumpa changamoto, na tofauti na cha jirani. Hapo ndipo mitindo ya nje ilipoingia. Lesi ya Urusi ni utepe mmoja mwembamba unaojipinda na kujirudia, na jozi sita au nane zinatosha. Ile ya Idrija, Slovenia, iko karibu nayo. Usukaji wa lesi wa Slovenia uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2018. Kutoka Ubelgiji zimekuja Duchesse na maua ya Bruges, na kwa wenye moyo mgumu, Binche, ambayo ardhi yake ni vitone kama theluji na kigezo chake husomwa kama ramani ya mji usioujua. Hizi za vipande zinataka kuzungusha kazi kila mara. Ndiyo sababu msukaji wa Kihispania wa leo mara nyingi ana mito miwili: ule mrefu wa mama yake, na mmoja bapa wa sponji alionunua mwenyewe.

Rangi nayo imerudi. Lesi ya kuuza ilikuwa nyeupe, ya maziwa au nyeusi. Sasa utaona skafu za hariri zilizochovywa rangi tatu, herini za waya mwembamba, na picha za ukutani. Uzi wa kawaida wa darasani ni pamba ya Misri, na jina la Finca, la kiwanda cha Valencia, liko midomoni mwa kila mwalimu. Frivolite, lesi ya vifundo vidogo vinavyopangwa kwa kidude cha mkononi au sindano ndefu, imepata wafuasi kwa sababu inaingia kwenye mkoba na kufanyika ndani ya basi. Vigezo, ambavyo zamani vilifichwa na mwenye mali kama siri ya biashara, sasa huchorwa kwa programu za kompyuta na kupitishwa kwa simu.

Kuna pia mkutano wa wasukaji, encuentro, ambao kwangu ndio taasisi halisi ya lesi ya leo. Jumapili asubuhi mji mdogo unapanga meza ndefu barabarani, mabasi yanawashusha wasukaji kutoka miji mingine kwa mamia, kila mtu na mto wake, na vijiti vinagongana mpaka mchana. Wenye maduka huleta uzi na pini. Mwenyeji hugawa zawadi, mara nyingi kigezo chenye nembo ya mji. Katalunya ina siku yake ya kila mwaka inayohama mji hadi mji. Kazi inayosukwa mezani hapo kwa kawaida ni rahisi, maana mdomo una shughuli nyingi kuliko mkono. Ile ngumu imebaki nyumbani. Lakini ukimwona jirani anageuza kona kwa njia usiyoijua, unauliza, naye anakufumulia jozi mbili akuonyeshe. Mitindo mingi imesafiri kwa njia hiyo kuliko kwa vitabu.

Upande wa fedha hali ni ngumu. Hesabu saa zilizoingia kwenye uso wa upepeo, zidisha kwa mshahara wa chini wa nchi, na utapata bei ambayo mpita njia hawezi kuilipa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya lesi bora haifiki dukani: huwa zawadi ya harusi au nguo ya ubatizo ya mjukuu. Wanaouza hutegemea vitu vidogo na oda za wanaojua wanachonunua. Duka la watalii hujaza nafasi iliyobaki kwa lesi za mashine na za kuagizwa nje, na si kila kibandiko husema hivyo.

Ukisimama mbele ya rafu kama hiyo, anza na kona. Lesi ya mashine haigeuki. Hukatwa na kushonwa, au hukunjwa kwa marinda. Kisha tafuta majani. Ya mkono yamejaa, yamekaza, na hakuna mawili yanayolingana kabisa. Halafu fuatilia uzi mmoja kwa macho: ukiona unapotea na ncha yake imekatwa nyuma ya kila ua, si ya vijiti vya nyuzi zisizokatika. Mwisho geuza upande wa nyuma kwa kioo cha kukuzia. Vitanzi vidogo vilivyoshikana kama mnyororo vinamaanisha kitambaa kimefumwa na mashine, hata muuzaji aape vipi.